Frigo Inagonjwa? Itazame Mwenyewe Mbele ya Kuita Fundi

Pita lupango kwa lupango katika Katuba, Kenya, Kamalondo ao Ruashi, utasoma maneno yaliyoandikwa kwa chaki ao kwa makala juu ya milango: «Mayi ya baridi iko». «Barafu iko». Nyuma ya maneno hayo kuna frigo, mara nyingi frigo ya zamani iliyonunuliwa kwa mtu aliyekwisha kuitumia. Mama wa nyumba anauza maji, jusi na samaki, na feza ile ndogo ndogo inalipa minervali ya watoto na unga wa bukari.

Frigo ya namna hiyo ikikufa, nyumba inalia mara mbili. Samaki wanaoza siku ile ile, na kesho yake fundi anaomba feza ya kutengeneza. Watu wengi husema: «Frigo ilikuwa ya zamani, siku zake zilitimia.» Lakini mafundi wanajua kwamba frigo nyingi hazikufi kwa uzee. Zinakufa kwa sababu ya mambo matatu ambayo sisi wenyewe tunaweza kuyazuia nyumbani, bila feza nyingi. Ndiyo tunayotaka kukuonyesha katika kurasa hizi, wewe baba, wewe mama, na zaidi wewe kijana ambaye kila siku unatumwa: «Enda kaangalie frigo!»

Frigo haifanyi baridi

Jambo la kwanza la kujua ni hili: frigo haifanyi baridi. Inatoa joto ndani na kulitupa nje. Mtu akikaa ndani ya mtumbwi unaoingiza maji kidogo kidogo, anachota na kutupa, anachota na kutupa. Frigo inafanya kazi ile ile, lakini inachota joto.

Ndani ya mifereji yake mna gazi. Mashini nyeusi ya chini, ambayo wengi tunaiita moteri, inavuta gazi ile na kuibana kwa nguvu. Gazi ikibanwa inapata moto. Inapita katika mifereji myembamba ya nyuma, inaacha joto lake katika hewa ya nyumba, na inageuka kuwa maji. Kisha inapita katika mfereji mmoja mwembamba sana, inafika katika sehemu ya barafu, na pale inageuka tena kuwa hewa. Katika kugeuka hivyo inanyonya joto la samaki, la maji na la nyama yako. Halafu inarudi kwa moteri, na safari inaanza tena.

Kumbuka maneno haya mawili, yatakusaidia mbele. La kwanza: nyuma ya frigo inayofanya kazi vizuri lazima pawe na joto. La pili: gazi inazunguka tu katika njia iliyofungwa. Haiishi kama petroli.

Sasa rudi kwa yule mtu wa mtumbwi. Anaweza kushindwa kwa njia tatu. Mtu akimpiga, ataanguka. Akikosa nafasi ya kutupa maji, kazi yake ni bure. Na tundu la mtumbwi likiwa kubwa, atachoka hata kufa. Frigo vilevile ina maadui watatu: umeme mbaya, joto lisilo na njia ya kutoka, na mlango usiofunga.

Adui wa kwanza: umeme unaorudi

Katanga yetu haikukosa mitambo ya umeme. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza mwaka 1930. Koni, Nzilo na Nseke zilifuata katika miaka ya 1950. Mstari wa Inga, wenye kilometa 1700 hivi, ulifika Kolwezi, na tangu mwaka 1982 umeleta umeme wa mto Kongo mpaka kwetu. Lakini mitambo hiyo ilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba, na migodi ingali inakula sehemu kubwa. Mji umekua, nyumba nyingi zimefungwa kwa kabini moja, na waya zimekuwa ndefu na nyembamba. Ndiyo maana umeme unakatika, na saa za jioni, wakati kila nyumba inawasha resho, unashuka mpaka taa inakuwa nyekundu kama kaa la moto.

Watu wanaogopa umeme ukienda. Kwa frigo, hatari kubwa iko wakati umeme unarudi. Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza: umeme ukirudi katika kartie ambamo vyombo vingi vimezimika, unaweza kuingia kwa nguvu ya kupita kiasi, kisha ukaenda na kurudi mara mbili, mara tatu katika dakika moja. Watoto wanapiga kelele ya furaha, «Imerudia! Imerudia!», na moteri inapigwa.

Sababu ya pili: moteri ikisimama, gazi iliyobanwa ingali inasukuma upande mmoja. Inahitaji dakika chache ili nguvu ya pande zote mbili ilingane. Moteri ikilazimishwa kuanza mbele ya dakika hizo, inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mara nyingi kupita kawaida, na waya zake za ndani zinapata moto. Leo haitaungua, kesho pengine vilevile. Lakini kila mara inapoteza kidogo cha uhai wake.

Kwa hiyo, amri ya kwanza ya nyumba ni hii: umeme ukikatika, toa fishi ya frigo katika prizi mara moja. Umeme ukirudi, acha taa iwake kwanza. Ngoja dakika 10. Ukiona taa inatulia, haichezi wala haififii, ndipo rudisha fishi. Kazi hii inafaa kijana mmoja wa nyumba aichukue kuwa yake. Haiombi feza hata kidogo, na katika mji wetu hakuna dawa ya frigo inayoipita.

Kama una uwezo, nunua stabilizateri, chombo kinacholinganisha umeme. Tazama mambo mawili. Iwe na nguvu ya kutosha, kwa maana frigo inayoandikwa watt 150 inaomba mara nyingi zaidi wakati wa kuanza. Stabilizateri ya 1000 ao zaidi inafaa, ile ndogo ya televizyo itaungua. Tena iwe yenye kungoja yenyewe dakika chache mbele ya kuachilia umeme. Usifunge resho na pasi katika stabilizateri ile ile ya frigo.

Na taa ya jioni ikififia sana, jua kwamba umeme wa 220 umeshuka, labda mpaka karibu na 180 ao chini. Saa hizo toa fishi. Frigo iliyozimwa masaa mawili haitaharibu nyama, lakini moteri inayohangaika masaa mawili itaungua.

Adui wa pili: joto lisilo na njia

Tulisema frigo inatupa joto nyuma yake. Basi tazama nyuma ya frigo yako leo. Wengi wameibandika kwenye ukuta kabisa, wameweka magunia ya unga kando yake, na juu yake kitambaa kizuri kinachoshuka mpaka nyuma. Joto litatokea wapi?

Vuta frigo mbele, iache nafasi ya kiganja kizima kati yake na ukuta. Usiweke frigo karibu na mbabula, wala kwenye dirisha ambalo jua la mchana linaingia. Usiweke vitu nyuma yake.

Tena kuna vumbi. Tangu mwezi wa tano mpaka mvua zinapoanza, vumbi nyekundu ya Lubumbashi inaingia kila fasi, na mifereji ya nyuma inavaa koti la vumbi na buibui. Koti hilo linazuia joto kutoka. Toa fishi, chukua burashi ao ufagio mdogo laini, pangusa polepole bila kupinda mifereji. Fanya hivyo mara mbili katika kiangazi, na zaidi mwezi wa tisa, kwa sababu mwezi wa kumi joto ni kali na frigo inachoka kuliko wakati wote.

Na mama, chungu cha moto kisiingie ndani ya frigo. Kiache kipoe kwanza katika sahani ya maji, lakini kisilale nje usiku mzima. Chakula kilichopikwa kisikae nje kupita masaa mawili.

Adui wa tatu: mlango

Kandokando ya mlango kuna kaushu. Ndani yake mna sumaku inayovuta mlango uwe umefunga vizuri. Kaushu ikipasuka ao ikiwa na mafuta na uchafu, hewa ya moto inaingia usiku na mchana, na moteri haipumziki.

Jaribu hivi: chukua kipande cha karatasi, kifungie katika mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, pale kaushu haifungi. Zungusha jaribio hilo pande zote nne. Mara nyingi dawa ni maji ya vuguvugu na sabuni kidogo tu. Kaushu iliyopinda, ipashe kwa kitambaa chenye maji ya moto, kisha inyooshe kwa vidole. Iliyopasuka ibadilishwe. Bei yake ni ndogo kuliko ya moteri.

Na ninyi watoto, frigo haifunguliwi ili kutazama. Fikiri kwanza unachotaka, fungua, chukua, funga.

Barafu, kisu, na ile kilio ya «ssss»

Barafu ikifika unene wa kidole kidogo, inakuwa kama blanketi: baridi haipiti vizuri. Katika frigo zisizoyeyusha zenyewe, lazima tuiyeyushe sisi. Toa fishi, toa vyakula, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, na ungoje. Hapa ndipo makosa makubwa yanafanyika. Mtu ana haraka, anachukua kisu ao bisibisi, anapiga barafu. Ghafula anasikia: «Ssss…» Gazi yote imetoka. Kwa dakika tano alizotaka kuokoa, amepoteza frigo nzima, kwa maana ukuta ule wa barafu ni mwembamba na kuuziba ni kazi ngumu.

Tena kuna hatari nyingine. Frigo nyingi za siku hizi zina gazi inayoitwa R600a, na gazi hii inashika moto. Tazama maandishi madogo ya nyuma ao ya ndani. Ukisikia «ssss», usiwashe kibiriti wala buji wala mbabula, usiguse fishi wala swichi ya taa, fungua madirisha na milango, na watoto watoke nje mpaka hewa ya ndani ibadilike.

Kutafuta ugonjwa

Sasa frigo imeleta shida. Mbele ya kuita fundi, uliza maswali haya moja kwa moja.

Taa ya ndani haiwaki, na hakuna sauti. Labda umeme haufiki. Jaribu prizi kwa kitu kingine, kama vile redio ao taa. Tazama fishi: mara nyingi imeungua ao imelegea. Tazama stabilizateri na dijonkteri. Watu wengi wamelipa fundi ili arudishe tu fishi iliyotoka.

Taa inawaka, lakini moteri iko kimya. Tazama kifungo cha baridi, kile chenye namba. Labda mtoto amekizungusha mpaka 0. Kizungushe mpaka namba kubwa. Ukisikia mlio mdogo «ta» na moteri ikaanza, ilikuwa imepumzika tu. Isipoanza, labda termostati imekufa, na hiyo ni kitu kidogo ambacho fundi anabadilisha kwa muda mfupi.

Inalia «ta… mmmm… ta», inanyamaza, kisha inarudilia. Moteri inataka kuanza na haiwezi. Toa fishi mara moja! Ngoja nusu saa, na ujaribu wakati umeme ni mzuri. Kama inaanza, shida ilikuwa umeme wa chini. Kama inalia tena vilevile, mwambie fundi atazame kwanza kile kisanduku kidogo kinachobandikwa kando ya moteri, kinachosaidia kuianzisha. Kikiungua, moteri yenyewe inaweza kuwa mzima. Usikubali haraka kununua moteri mpya mbele ya kisanduku hicho kujaribiwa.

Moteri inazunguka siku nzima, lakini baridi ni kidogo. Gusa mifereji ya nyuma kwa mkono. Kama ina joto sana, joto linashindwa kutoka: tazama vumbi, ukuta, jua, mlango na barafu nene. Kama moteri inazunguka lakini mifereji ni baridi kama ukuta, na ndani hakuna baridi, gazi imetoka ao moteri haina tena nguvu ya kubana. Hapo fundi anahitajika.

Juu kunaganda, chini hakuna baridi. Kama ni frigo isiyoyeyusha yenyewe, umejaza vitu sana ao barafu imekuwa nene. Kama ni ile yenye kupuliza hewa, njia ya hewa imeziba kwa barafu iliyofichama. Toa fishi, acha milango wazi usiku na mchana mzima, kisha washa tena. Ikipona kwa juma moja na kurudilia, sehemu inayoyeyusha barafu imekufa. Eleza fundi hivyo hivyo.

Maji yanatiririka ndani. Kwa nyuma, chini kabisa, kuna tundu dogo la kupitishia maji. Limeziba kwa mabaki ya mboga. Pitisha mrija laini na maji ya vuguvugu.

Inalia kelele na kutikisika. Miguu yake haiko sawa. Weka kibao chini ya mguu mfupi. Tazama tena kama mfereji unagusa ukuta ao unagusa mfereji mwingine.

Ukiigusa inakupiga umeme. Usiseme «ni kidogo tu», na usidhani kuvaa sapata kunatosha. Toa fishi, na asiiguse mtu mpaka fundi aone waya ulioguswa na chuma, na mpaka prizi ipate waya wa udongo. Mtoto asiye na viatu, mwenye mikono yenye maji, anaweza kufa kwa «kidogo» kile.

Namna ya kusema na fundi

Kuna mafundi wazuri sana katika Lubumbashi, watu wanaojua kazi na wasiotaka kudanganya. Nao wanapenda mwenye frigo anayeweza kueleza. Lakini kuna maneno moja ambayo kila mama ameyasikia:

«Mama, gazi imeisha. Leta feza ya gazi.»

Jibu kwa upole: «Bwana fundi, gazi imepitia fasi gani? Onyesha kwanza fasi inatokea.»

Unakumbuka? Gazi haiishi. Ikipungua, kuna tundu. Fundi akijaza bila kuziba tundu, baada ya miezi miwili utalipa tena. Kazi nzuri ni hii: kutafuta tundu kwa povu la sabuni, kuliziba, kubadilisha filtri, kuvuta hewa yote ndani kwa mashini ya kuvutia, na kujaza gazi ya namna ile ile iliyoandikwa kwenye frigo. Gazi ya R12 ya frigo za zamani ilikatazwa kwa sababu inaharibu tabaka la juu linalotukinga na jua. Mataifa yalipatana hivyo Montréal mwaka 1987, na tangu mwaka 2010 hata nchi kama yetu zilipaswa kuiacha. Frigo ya namna hiyo inahitaji fundi anayejua kuigeuzia gazi nyingine. Asiweke tu ile aliyo nayo mkononi. Na gazi inayoshika moto isiwekwe kamwe katika frigo isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Ukinunua frigo ya mitumba, soma kibao chake. Kiandikwe 220 ao 230 volt, 50 Hz. Kama ni 110 ao 115, ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani na itaungua mara moja ukiifunga kwenye prizi yetu. Iwashwe mbele yako kwa saa nzima, na uone barafu inaanza kushika. Wakati wa kuisafirisha isimame, isilale. Ikiwa imelala, iache imesimama mpaka kesho yake mbele ya kuiwasha, ili mafuta ya moteri yarudi mahali pake.

Umeme ukikatika siku nzima

Usifungue mlango. Frigo iliyofungwa inashika baridi ya kutosha karibu masaa 4. Friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili, iliyojaa nusu siku moja hivi. Kwa hiyo nafasi tupu ya friza ijaze chupa za maji, usizijaze mpaka mdomoni. Umeme ukiwepo zinaganda, na umeme ukienda zinakuwa akiba yako ya baridi. Unaweza kushusha chupa mbili chini, karibu na chakula cha watoto.

Ndani ya frigo panapaswa kuwa na digri 4 hivi, na friza digri 18 chini ya sifuri. Nyama ao samaki waliyeyuka wakabaki na barafu kidogo ndani, unaweza kuwagandisha tena ao kuwapika mara moja. Wakiwa wamepata vuguvugu kwa masaa mengi, pua si shahidi wa kutosha, kwa maana chakula kinaweza kuharibika mbele ya kunuka. Ni vigumu kumwaga samaki wa Kasenga ulionunua kwa feza nyingi. Lakini hesabu pia feza ya hospitali, na hesabu mtoto.

Kama katika nyumba kuna mgonjwa wa sukari, insulini isikae katika friza wala isiguse ukuta wa barafu. Inataka kati ya digri 2 na 8, na iliyoganda haifai tena. Umeme ukienda kwa muda mrefu, mtungi wa udongo uliovikwa kitambaa chenye maji na kuwekwa kivulini unasaidia, zaidi wakati wa kiangazi. Umwulize muganga wa hospitali namna ya kuilinda.

Na wewe mama unayeuza mayi ya baridi, sikia vizuri: baridi haiui vijidudu. Kipindupindu kinaweza kukaa katika barafu nzuri, nyeupe, inayong'aa. Chemsha maji ao yatie dawa mbele ya kuyagandisha, na mikono iwe safi wakati wa kufunga vifuko. Wanaonunua kwako ni watoto wa jirani wanaotoka masomoni.

Kazi ya kila wakati

Kata maneno haya, uyabandike kwenye mlango wa frigo:

Kila siku: umeme ukienda, toa fishi. Ukirudi, ngoja dakika 10.

Kila juma: pangusa ndani kwa kitambaa na maji yenye bikarbonati kidogo, tupa vilivyooza, pangusa kaushu.

Kila mwezi: jaribu mlango kwa karatasi, tazama unene wa barafu, tazama fishi kama ina joto.

Kila kiangazi, mara mbili: vuta frigo, toa vumbi ya nyuma. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi, rudisha kifungo kwenye namba ndogo. Mwezi wa kumi ipandishe.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Frigo iliyokufa kabisa, iliyotupwa nyuma ya nyumba, ing'olewe mlango wake leo. Watoto wanapenda kujificha ndani yake wakicheza, na zile za zamani zenye kufunga kwa kitasa haziwezi kufunguliwa kutoka ndani. Sauti haisikiki nje, na hewa inakwisha haraka. Bisibisi moja na robo saa vinatosha. Usingoje mwenye kununua vyuma aje.

Nawe kijana, kama umesoma mpaka hapa na umeelewa kwa nini moteri inalia «ta… mmmm… ta», labda umepata kazi ya mikono yako. Mji huu hautakosa frigo zinazogonjwa, wala hautakosa watu wanaomtafuta fundi anayesema kweli.